Mtihani wa kodi ya programu napasi, usaili wa mwandamizi naanguka

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mhandisi wa programu, naishi Chake Chake. Kwa miaka minane nimekuwa nikitengeneza mfumo wa mradi wa afya: wahudumu wa jamii wanaandikisha wajawazito na watoto kwenye simu, taarifa zinakwenda kwenye seva. Mwaka huu nimefanya usaili wa nafasi ya mhandisi mwandamizi kwenye kampuni tatu za nje, zote kwa video. Mtihani wa kuandika kodi (maelekezo ya programu, code) napasi kila mara. Nikifika kikao cha kusanifu mfumo na kile cha kuulizwa uzoefu, naanguka. Kampuni ya mwisho iliniandikia kuwa nina uwezo mzuri "lakini si wa ngazi tunayoitafuta". Je, nirudi kwenye mazoezi ya algorithimu, yaani hatua za kutatua matatizo kwa kompyuta? Tatizo ni Kiingereza changu? Au nihamie Dar? Na wakiniuliza kwa nini nataka kuondoka nilipo, niseme nini? Nina usaili mwengine mwezi ujao.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Algorithimu ziache. Umesema mwenyewe kuwa mtihani wa kodi unapasi kila mara, sasa mazoezi zaidi pale yatakuongezea nini? Dar nayo tuiweke pembeni. Kampuni iliyokusaili kwa video haikujali kama umekaa Chake au Kinondoni. Na tangu 2022, Serikali ilipoanzisha mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia, hata ile hoja ya kwamba kazi hizi ziko Bara tu imepungua nguvu. (Mpango wenyewe uko Unguja, najua. Wapemba mtasema mmesahauliwa tena, na sitabishana nanyi.) Kiingereza nitakirudia baadaye. Kwa namna ulivyojieleza, shida yako iko kwenye karatasi ya msaili.

Nimekaa upande wa wasaili kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo wasailiwa wengi hawalijui: kazi yetu haiishi video ikizimwa. Kampuni nyingi za programu humtaka kila msaili aandike ripoti peke yake, kabla hajasikia wenzake wamesemaje. Ripoti ina vichwa vyake. Msailiwa alilifafanua vipi tatizo? Alilinganisha njia zipi? Nini aliamua mwenyewe? Alipopingana na wenziwe, ilikuwaje? Chini ya kila kichwa tunatakiwa tuandike ushahidi, yaani ulichosema na ulichofanya, siyo kwamba "alionekana mtu mzuri". Kisha ripoti zinakusanywa na kuamuliwa mambo mawili: tumwajiri, na tumwajiri kwa ngazi gani. Google, kwa mfano, kwa miaka mingi imetumia kamati ambayo wajumbe wake hawajakusaili kabisa. Wao wanasoma tu yaliyoandikwa.

Basi ile barua ya "si wa ngazi tunayoitafuta" isome hivi: kwenye suali la kwanza umekubalika, kwenye la pili karatasi haikuwa na kitu cha kutosha. Inawezekana uwezo unao. Lakini aliyekuwa akiandika hakupewa cha kuandika.

Nakisia ulivyojibu, maana nimeshawasikia vijana wetu wengi wakijibu hivyo. Msaili kakuuliza: nieleze tatizo gumu la kiufundi ulilowahi kulitatua. Ukajibu: "Tulikuwa na tatizo la taarifa kugongana wahudumu wanapokuwa nje ya mtandao, tukakaa pamoja, tukalitatua, na sasa mfumo unakwenda vizuri alhamdulillahi." Jibu la mtu mwenye adabu. Msaili akaandika: *timu yake ilitatua tatizo la taarifa kugongana*. Timu! Wewe hukuwemo.

Kwetu mtu akisema mimi, mimi, mimi, anaonekana ana majivuno, na tangu skuli tumekatizwa tukijisifu. Sikuambii uiache tabia hiyo. Barazani inapendeza na kazini inasaidia. Lakini kwenye usaili gawa kazi kama ilivyogawika kweli: "Tulikuwa watu wanne. Uamuzi wa jinsi ya kuunganisha rikodi zilizogongana ulikuwa wangu. Sehemu ya kubana taarifa ili zipite kwenye mtandao dhaifu aliifanya mwenzangu, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi." Hapo hujajikweza hata chembe. Tena ukimpa mwenzako fungu lake, fungu lako linaaminika zaidi.

Na wewe, dada, una mali ambayo nadhani hujaitambua. Chukua mhudumu yuko kisiwani Kojani, mtandao hakuna. Anamwandikisha mjamzito kwenye simu. Siku ya pili mjamzito yule yule anakwenda kituo cha afya, muuguzi anafungua rikodi na kuongeza kipimo cha damu. Siku ya tatu simu ya mhudumu inapata mtandao na kupeleka ilichonacho. Mabadiliko mawili yanakutana kwenye rikodi moja. Ashinde nani? Ukisema aliyeandika mwisho, mwisho kwa saa ya nani? Simu zile nyengine saa yake iko nyuma siku nzima kwa sababu betri iliisha na mtu akaiweka kwa kukisia. Ukiichukua rikodi ya mhudumu nzima nzima, kipimo cha damu kimefutika na hakuna atakayejua. Ukiunganisha sehemu kwa sehemu, unaweza kupata rikodi ambayo hakuna binadamu aliyeiandika, ya mama aliye na umri wa mimba kutoka huku na tarehe ya kujifungua kutoka kule. Ukihifadhi kila badiliko kama tukio la peke yake na kutofuta chochote, kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo) inavimba na simu ya bei nafuu inalemewa. Ukimwachia msimamizi aamue kwa mkono, atakuwa na mlundikano wa rikodi za kuamua kila Jumatatu.

Lazima kulikuwa na siku mlichagua moja katika hizo. Ipi? Kwa sababu gani? Mlikubali kupoteza nini kwa kuchagua hivyo? Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, ungechagua ile ile? Masuali hayo manne ukiyajibu kwa utulivu, na takwimu za mfumo wenu wenyewe mkononi (simu ngapi, rikodi ngapi kwa mwezi, ngapi zinagongana), msaili kalamu itamwendea mbio. Wapo wahandisi waandamizi Ulaya ambao hawajawahi kushughulika na simu iliyokaa siku tatu bila mtandao. Hili unalijua kwa mikono yako, halafu unalimaliza kwa sentensi moja na alhamdulillahi.

Kwa hiyo kazi yako ya mwezi huu ni kuandika, siyo kusoma. Chagua mambo machache uliyoyaamua kweli katika miaka minane na uyaandike kwa mapana: hali ilikuwaje, nini kilipendekezwa, wewe ulisimama wapi, nani alikupinga na kwa hoja gani, kilitokea nini. Rudi kwenye kumbukumbu za mfumo na barua pepe za zamani utafute namba, usitegemee kichwa. Moja kati ya hayo liwe la kitu kilichoharibika, kwa sababu wataliuliza tu. Jibu la "mfumo wetu haujawahi kuanguka" linamwambia msaili kwamba ama hukuwa karibu na mfumo, ama unaficha. Eleza kilivyoharibika, mlijuaje (mliona wenyewe au mlipigiwa simu na mhudumu mwenye hasira?), mlikizuia vipi kisijirudie.

Sasa kikao cha kusanifu mfumo. Hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo wengi wanapoangukia na vitabu vya mazoezi vinazidisha tatizo.

Tuseme umepewa dakika 45 na suali hili: sanifu mfumo wa kuuza tiketi za boti baina ya Unguja na Pemba. Msailiwa aliyekariri anaanza kuchora papo hapo. Huduma ndogondogo saba, Kafka (zana ya kupitisha ujumbe baina ya mifumo) hapa, Kubernetes (zana ya kuendesha programu kwenye seva nyingi) pale, kanzidata tatu. Dakika 20 zimekwisha na hajauliza hata boti ina viti vingapi.

Uliza. Nikikujibu viti 500 na safari nne kwa siku, piga hesabu kwa sauti nikusikie: tiketi 2,000 kwa siku, siku ina sekunde 86,400, basi ni tiketi moja kila sekunde 43. Mzigo mdogo. Na mkesha wa Idd? Tuseme watu 20,000 wanagombania ndani ya saa moja, kila mmoja anafungua ukurasa mara kumi: maombi 200,000 kwa sekunde 3,600, wastani wa 56 kwa sekunde, na kilele mara kadhaa ya hapo. Kanzidata moja ya PostgreSQL kwenye seva ya kawaida, ikiwa imewekewa faharasa (orodha ya kutafutia rikodi haraka) vizuri, inaubeba mzigo huo. Kufika hapo nimeshaandika: *alipima mzigo kabla ya kuchagua zana*. Sentensi hiyo kwenye ripoti ina uzito kuliko michoro yote ya Kafka.

Ugumu basi uko wapi? Uko kwenye kiti kimoja kuuzwa mara mbili, na kwenye pesa kukatwa bila tiketi kutoka. Abiria kachagua kiti, umemshikilia dakika kumi alipe kwa simu. Anaweka namba ya siri, mtandao unasuasua, uthibitisho wa malipo unakufikia dakika ya kumi na mbili. Kiti kishaachiwa, mtu mwengine kishakinunua. Unafanyaje?

"Tunarudisha pesa" ni jibu sahihi, nalo ni jibu la mhandisi wa ngazi ya kati. Mwandamizi haishii hapo. Kabla ya kukiachia kiti, anajiuliza, kwa nini tusiiulize kampuni ya simu malipo yale yamefikia wapi? Kampuni ikituma uthibitisho ule ule mara mbili, tiketi zitatoka mbili? Kwa hiyo kila malipo yapewe namba yake ya pekee, na ombi likirudi na namba ile ile mfumo utoe jibu lile lile bila kuifanya kazi upya. Kanzidata yenyewe iwekewe kizuizi: safari moja, kiti kimoja, tiketi hai moja, ili hata kodi yetu ikikosea, kanzidata ikatae. Kila usiku hesabu zetu zilinganishwe na za kampuni ya simu, maana tofauti zitakuwepo tu. Na asubuhi nani anaziangalia? Karani gani pale bandarini Malindi ana ruhusa ya kumpandisha abiria mwenye ujumbe wa malipo lakini asiye na tiketi? Suali hili la mwisho halina kompyuta ndani yake. Msailiwa akiliuliza mwenyewe, najua huyu ameshaendesha mfumo unaotumiwa na watu.

Nitakuuliza pia mfumo uwe hewani kwa kiasi gani. Usikimbilie kusema "asilimia 99.9" kwa sababu inapendeza masikioni. Asilimia hiyo inaruhusu kuzimika karibu saa tisa kwa mwaka. Saa tisa zipi? Zikiangukia usiku wa manane mwezi wa Februari hakuna atakayejua. Zikiangukia asubuhi ya mkesha wa Idd, bandari nzima itasimama. Ukiligeuza suali langu namna hiyo, umenifundisha kitu kuhusu biashara yangu, na msaili hupenda kufundishwa, hata akijifanya hapendi.

Unaona kwamba sikukutajia zana mpya hata moja. Zana unazijua. Kinachopimwa kwa mwandamizi ni uamuzi penye utata, na uamuzi hauonekani mpaka utamkwe: nikichagua hivi napata hiki, napoteza kile, na hapa kwetu kile kina thamani ndogo, kwa hiyo nakiacha. Jizoeze kuimaliza kila hoja kwa muundo huo mpaka uje wenyewe.

Sasa Kiingereza. Lafudhi yako haina tatizo. Kampuni hizo zimejaa Wahindi, Wabrazili na Wapolandi, na kila mmoja anaongea na lafudhi ya kwao. Kinachoumiza ni ukimya. Ukifikiri kwa Kiswahili kimya kimya kisha ukatoa jibu moja lililokwisha kupikwa, msaili amekosa njia yote uliyopita. Sentensi fupi zinatosha. Tafuta mtu, hata kama si wa fani, umweleze mfumo wenu kwa Kiingereza huku ukichora, akikuuliza "kwa nini?" mara nyingi mpaka ukachoka, umempata anayekufaa.

Ukimya huo mara nyengine ni wa hofu ya kutazamwa, na hilo limepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University, pamoja na Microsoft, waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta tatizo la kutatua, nusu wakiwa peke yao chumbani, nusu wakitazamwa na kuongea kwa sauti kama kwenye usaili. Waliotazamwa walifanya chini ya nusu ya wenzao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Kundi lilikuwa dogo na watafiti wenyewe walitahadharisha juu ya hilo, lakini nimeona vya kutosha kuamini kuwa kuna ukweli ndani yake. Una haki ya kusema: "Nipe dakika mbili nifikiri, kisha nitakueleza." Sema hivyo na unyamaze dakika mbili kamili, bila kuomba radhi. Hakuna msaili wa maana atakayekukata alama kwa hilo. Na kama kampuni inatoa hiari ya kazi ya kufanyia nyumbani badala ya kuandika kodi mbele ya macho, ichukue.

Kuna jambo jengine ambalo pengine hutalipenda. Inawezekana wale wasaili walikuwa sahihi. Miaka minane kwenye mfumo mmoja inaweza kumtengeneza mwandamizi, na inaweza pia kumtengeneza mtu aliyetekeleza vizuri sana maamuzi ya wengine. Utajijua ukikaa kuandika yale niliyokuambia. Kama kila uamuzi mkubwa unaoukumbuka ulifanywa na mshauri kutoka nje au na mkuu wa mradi, na wewe ukapewa kazi za kutekeleza, basi usilazimishe. Omba nafasi ya kati kwenye kampuni nzuri na upande ukiwa ndani. Mshahara wa nafasi ya kati kwenye kampuni ya nje huenda ukauzidi wa uandamizi hapa kwetu, kwa hiyo aibu iko wapi? Lakini kwa mtu aliyeleta taarifa kutoka Kojani mpaka kwenye seva kwa miaka minane, nitashangaa ukikosa cha kuandika.

Mambo madogo, haraka. Wiki moja kabla, mwandikie afisa ajira umuulize kila kikao kinapima nini na nani atakuwepo. Wengi wanajibu vizuri, na wasailiwa wengi hawaulizi. Saa zitazame mara mbili: kikao cha saa saba mchana California ni saa tano usiku kwetu wakati wao wana saa za kiangazi, na saa sita usiku wakiwa kwenye majira ya baridi. Hakuna mtu anayesanifu mfumo vizuri saa sita usiku, kwa hiyo omba asubuhi yao, ambayo ni magharibi au usiku wa mapema wetu, wanakubali. Betri ijae, na uwe na laini za simu mbili tofauti za kurushia intaneti. Mwanzoni kabisa sema: "Umeme ukikatika nitarudi kwa simu ndani ya dakika mbili." Ukiwa umeshasema, ukikatika kweli unaonekana mtu aliyejipanga.

La mwisho, kwa nini unaondoka. Sema kweli yake, kwa ufupi. Kama ni ufadhili wa mradi unaokaribia kwisha, hilo linaeleweka kila nchi. Kama ni kwamba mfumo umetulia na huna tena gumu la kutatua, hilo nalo ni jibu zuri. Usimseme vibaya mkuu wako, hata kama anastahili. Kisha zamu yako ya kuuliza ikifika, usiulize habari za utamaduni wa kampuni, kwani watakusomea tangazo. Uliza mfumo ukianguka usiku nani anapigiwa simu, na usiku huo ni wa saa za wapi. Kampuni ambayo timu yake yote iko Marekani mara nyingi huona raha kumpata mtu wa Afrika Mashariki, kwa sababu usiku wao ni mchana wako. Hilo linaweza kuwa zuri kwako, na linaweza kuwa mtego, na inafaa ulijue kabla ya kutia saini.